Ukoo wa Kijidudu

Alhamisi, 1 Desemba

Daftari hili nimepewa na Tiyamike, binti wa maabara. Ni la kuandikia choo cha mtoto: mara ngapi kwa siku, kigumu au cha maji, kina damu au hakina. Kurasa za mbele zimepigwa mistari. Za nyuma ni tupu, nikamwuliza kama naweza kuandikia mambo mengine. Akacheka, "Mama Takondwa, andika hata mapishi." Mimi niliishia darasa la tano na mwandiko wangu unapinda kama vichochoro vya mtaa wetu huu wa mlimani, Ndirande. Lakini nikiandika, moyo unapunguza kukimbia.

Takondwa wangu ana mwaka mmoja na miezi minane. Baba yake yuko Thyolo kwenye mashamba ya chai, huja mwisho wa mwezi. Hawa wa maabara wanafuatilia watoto wanaoharisha. Wanachukua choo, wanatafuta bakteria aliyemo, halafu wanamsoma. Nikamwuliza, bakteria anasomwaje? Akasema kila mmoja ana maandishi ndani yake, herufi kama milioni nne, na wana mashine ya ukubwa wa simu inayozisoma zote. Mimi Biblia tu sijaimaliza.

Choo leo: mara mbili, kigumu.

Jumamosi, 3 Desemba

Joto. Mvua inazunguka mlima haishuki.

Alhamisi, 8 Desemba

Tiyamike kaja na vikopo vyake vyenye kijiko kwenye kifuniko. Nagama wa mlango wa pili alikuwa amekaa kwangu akichambua mtama wa togwa. Namwita shangazi ingawa hatuna damu moja. Ni mjane, anauza togwa kwenye uzio wa shule, na ndiye aliyemkata Takondwa kitovu siku mkunga alipochelewa. Alipoona kikopo akapiga makofi.

"Kumbe siku hizi mavi yana soko kuliko togwa yangu! Nipe na mimi kimoja nisomwe."

"Mama, sisi tunasoma watoto tu," Tiyamike akasema.

"Mimi mtoto. Subiri nisimame nikuchezee uone."

Akasimama kweli, akatikisa kiuno, Takondwa akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 12 Desemba

Gari la kipaza sauti limepita. Kipindupindu kimeingia kule chini kijitoni, watu wawili wamelazwa kwenye kambi ya matibabu. Nimeosha mikono leo mpaka vidole vimekunjamana. Kila Takondwa akijamba nakimbilia kuangalia.

Ijumaa, 16 Desemba

Simu kutoka Chikwawa, bondeni. Mama mkubwa Esinala, dada wa mama yangu, amefariki jana. Aliyenilea mama alipokufa. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 19 Desemba

Nimerudi. Takondwa nilimwacha kwa Nagama siku zote tatu, nimemkuta mnene kuliko nilivyomwacha.

Mama mkubwa aliharisha siku moja tu. Walimpeleka zahanati, wakachukua choo chake na kumwekea dripu, jioni mjomba Kalipinde akamrudisha nyumbani akafia kwenye mkeka wake. Mjomba alitukusanya wanawake kabla hatujaingia ndani. "Dada yangu ameuawa na malaria," akasema. "Atakayeuliza, malaria. Watu wa afya wakisikia tumbo watamfunga kwenye plastiki na kumzika wenyewe kama mbwa. Mnataka hivyo?" Hakuna aliyetaka. Tulimwosha kwa mikono yetu, tukamvika gauni la ushirika wa kanisa, akapendeza.

Vitu vyake vikagawiwa. Mimi nimepata kitenge cha kijani chenye ndege, alichokuwa amejifunga siku ile ya kuugua. Kwetu nguo ya marehemu haifuliwi mpaka sadaka ya kumaliza msiba. Ukiifua mapema umemfukuza mwenye nguo. Tulirudi nyuma ya lori, mvua ikatupiga njia nzima, kitenge kikalowa ndani ya mfuko. Kina harufu yake bado. Nimekinusa nikalia.

Jumanne, 20 Desemba

Mvua sasa imeshuka. Nimembeba Takondwa kwa kitenge cha mama mkubwa mchana kutwa. Ananyonya ncha yake.

Choo: mara mbili, kigumu.

Ijumaa, 23 Desemba, kambini

Naandika kwa penseli ya muuguzi. Yupo hai. Naanza na hilo.

Jana asubuhi Nagama alimpa kikombe cha togwa kama kila siku. Saa nne choo cha kwanza, laini. Nikasema ni meno. Saa tano kilikuwa si choo tena, maji matupu, meupe kama uliyooshea mchele, yanatiririka bila yeye kusukuma na bila kulia. Huko kutolia ndiko kulikonitoa akili. Macho yaliingia ndani huku namtazama. Nilimbana ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama kama nguo iliyokunjwa.

Nilipiga kelele. Nagama alikuja na unga mikononi. Alimwosha yeye, kwa mikono yake, mara tatu, kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama tu nashika mlango. Akakoroga maji ya chumvi na sukari, akamnywesha kwa kijiko huku anatembea. Akamfunga mgongoni kwa kile kitenge akashuka mlima anakimbia, na yule si msichana. Mimi nyuma yake. Maji ya mtoto yalikuwa yanamtiririka kiunoni mpaka kwenye visigino.

Langoni pa kambi walikuwepo wanawake wa mtaani kwetu wakimsubiri mgonjwa wao. Mama Fanizo, yule mke wa mzee wa kanisa, akanishika bega. "Huyu naye? Amekula nini?"

Nami nikasema, "Togwa. Togwa ya huyu." Nikamnyooshea kidole Nagama.

Mtoto wangu alikuwa bado mgongoni mwake niliposema hivyo.

Nilisema tena, kwa sauti zaidi, nalia, "Ameniulia mwanangu!" Nagama alifungua fundo, akampa muuguzi mtoto, akakikunja kitenge akanipa. Sikumtazama usoni.

Vitanda vya huku vina tundu katikati na ndoo chini. Walitafuta mshipa mkononi wakakosa, wakatafuta mguuni wakakosa, wakaupata kichwani. Chupa mbili. Nilikaa nahesabu matone kama ndiyo yanayomshikilia. Alfajiri alikojoa. Muuguzi akanikumbatia kwa sababu ya mkojo.

Leo Tiyamike amefika na viatu vya mpira, amechukua kikopo chake, halafu akafungua fomu.

"Mama Takondwa, siku kumi hizi kuna aliyesafiri nyumbani kwako?"

"Hapana."

"Mgeni kutoka bondeni? Msiba?"

Nilimwona mjomba Kalipinde mbele yangu kama amesimama pale. "Hapana," nikasema.

Akaandika.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Takondwa amekula uji vijiko sita. Tumeruhusiwa. Mlango wa Nagama umefungwa, sikubisha.

Jumatatu, 26 Desemba

Nagama anaumwa. Imemwanza jana. Wameniambia bombani: aliomba mtu amshike mkono ampeleke kambini, kila aliyemwita akarudi ndani. Ameshuka peke yake leo asubuhi na ndoo yake, anakaa kila hatua kumi. Mama Fanizo akasema, "Amekunywa sumu yake mwenyewe." Watu wakacheka. Na mimi nilitabasamu, naliandika hilo.

Jumanne, 27 Desemba

Wamevunja mitungi ya Nagama. Yote minne. Mama Fanizo ndiye aliyeanza, kwa mchi wa Nagama mwenyewe. Togwa ilipita mlangoni kwangu kama mto, na kuku wakaja kunywa. Mtu akaniita, "Mama Takondwa, njoo upige wa kwako!" Sikwenda. Wala sikuwakataza. Nilifunga mlango nikamziba Takondwa masikio.

Alhamisi, 29 Desemba

Tiyamike amechota togwa iliyobaki kwenye kigae cha mtungi, na maji ya bombani, na ya kijitoni. Nagama yuko kambini, anaendelea vizuri, amechukuliwa choo na yeye. Kumbe hatimaye amepewa kikopo.

Jumapili, 1 Januari

Mvua. Choo mara mbili, kigumu, Mungu asifiwe.

Jumamosi, 7 Januari

Nagama ametoka kambini, amekuta vigae na mchi. Shuleni wamemwambia asikaribie uzio. Ndugu yake amekuja na baiskeli kumchukua, wanakwenda Lunzu. Nilimwona kupitia ufa wa mlango. Takondwa alisikia sauti yake akaanza kugonga mlango kwa kiganja, "Gama! Gama!" Nikampa kitumbua anyamaze.

Jumanne, 10 Januari

Mvua.

Alhamisi, 19 Januari

Tiyamike: kwenye togwa hawakuona kipindupindu. Nikamwambia hiyo ilikuwa ya siku nyingine, ya siku ile tuliinywa. Akasema inawezekana. Nimefurahi alivyosema inawezekana, kisha usiku sikulala.

Jumatatu, 30 Januari

Baba Takondwa yuko nyumbani. Akauliza, "Nagama yuko wapi? Nimemletea majani ya chai." Nilimweleza. Akaigeuza pakiti mkononi. "Lakini si ndiye aliyembeba?" akasema. Nikamwambia hakuwepo, asinifundishe.

Ijumaa, 10 Februari

Mvua siku ya tano. Ukuta wa jikoni umelala chini. Kule kijitoni wamefika wagonjwa ishirini na mmoja. Watu bado wanasema ni Nagama, na Nagama ana mwezi mzima hayupo.

Alhamisi, 23 Februari

Niwie radhi daftari, leo ni marefu.

Tiyamike alikuja bila vikopo. Alikuwa na karatasi moja. Akakaa kwenye kinu, akaomba maji, akanywa yote.

"Mama, tumemsoma bakteria wa Takondwa," akasema. "Na wa wengine wote wa mlimani."

Kwenye karatasi kulikuwa na mchoro kama tawi lililokauka, vijiti vinagawanyika, na kwenye ncha namba. Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto, nami nikamwachia. Bakteria akizaa anajinakili, herufi zote milioni nne. Mara mojamoja anakosea herufi. Watoto wake wanalirithi kosa hilo, na wajukuu, kama lile pengo la meno la ukoo wa baba Takondwa. Kwa hiyo ukisoma makosa unajua nani ndugu wa nani.

"Hawa wote wa kijitoni," akaweka kidole, "ni ukoo mmoja. Huyu hapa ni wa Takondwa."

Kidole kilikwenda mbali, upande mwingine kabisa wa karatasi.

"Si ndugu zao. Wametofautiana herufi nyingi mno. Huyu amekaa na hawa hapa, na hawa wote walichukuliwa Chikwawa, wiki ile kabla ya Krismasi. Mmoja wao ni sawa naye herufi kwa herufi."

Wiki ile. Zahanati. Walichukua choo cha mama mkubwa.

"Na huku mlimani," akaendelea, na sasa hakuwa ananitazama, "kuna mgonjwa mwingine mmoja tu wa ukoo huu. Ni sawa na Takondwa, ila herufi moja imebadilika. Aliugua siku tatu baada yake. Jina sikutajii. Na mchoro peke yake hauwezi kuapa nani alimwambukiza nani. Nakuonyesha undugu na tarehe, basi."

Hakuhitaji kutaja. Nani mwingine alimwosha mwanangu kwa mikono yake?

"Mama Takondwa, nilikuuliza kambini. Nakuuliza tena, na simtafuti wa kumlaumu. Naitafuta njia aliyopita huyu mdudu. Kuna aliyekwenda bondeni?"

Kitenge kilikuwa msumarini, nyuma ya kichwa chake. Kijani, na ndege. Bado hakijafuliwa. Nilimfunga mwanangu kwenye kifo cha mama mkubwa, nikamwona ananyonya ncha, nikafurahi kwamba wanajuana.

Nikamwambia yote. Malaria ya mjomba, kuosha maiti, lori, mfuko uliolowa. Nilisema nimetazama chini. Nilipomaliza nikamsikia anapumua.

"Kingefuliwa siku ile kwa maji ya moto," akasema, "au kingeanikwa tu juani kikakauka kabisa..." Akauliza nguo nyingine walipewa nani.

Unanisikia, daftari? Mdudu asiyeonekana kwa macho alikuwa ameandika safari yangu yote tumboni mwa mwanangu, na mimi nilikuwa nasema hapana, hapana.

Ijumaa, 24 Februari

Nimempigia mjomba Kalipinde. Nimemweleza karatasi, na kwamba wote waliopewa nguo wazichemshe. Kisha akasema, "Malaria," akakata. Nimewapigia dada zangu mmoja mmoja.

Nimechemsha kitenge. Maji yametoka kijani. Harufu yake imekwenda, sasa kinanuka sabuni kama nguo yoyote.

Jumamosi, 25 Februari

Siwezi kula. Namwona Nagama amefungua fundo, ananipa kitenge kilichokunjwa. Alijua kukunja hata pale.

Jumatatu, 27 Februari

Nimesema bombani. Nilingoja foleni iwe ndefu, nikatoka mbele nikasimama juu ya lile jiwe la kuwekea ndoo.

"Nagama hakuleta ugonjwa," nikasema. "Nimeuleta mimi, kutoka msibani Chikwawa. Mwanangu aliupata kwangu. Nagama aliupata kwa mwanangu, kwa sababu alimsaidia."

Wakaanza.

"Umeota?"

"Imesomwa maabara. Choo cha mwanangu kina undugu na cha bondeni."

"Mashine inasoma mavi inakutolea dhambi zako!" mmoja akasema, yule muuza mkaa. "Nami niletewe kikopo, nipeleke ya mume wangu!"

Wakacheka wote, na mimi nikangoja wamalize. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu hakucheka. Alitazama ndoo yangu, akaisogeza kwa mguu mpaka nje ya foleni, taratibu, kama mtu anayesogeza kinyesi cha mbwa. Nikairudisha nyumbani tupu. Nimechota kwenye bomba la juu, nusu saa kwa mguu.

Mama Fanizo hakuwepo leo.

Alhamisi, 2 Machi

Lunzu. Nilikwenda na Takondwa mgongoni. Nagama alikuwa nyuma ya nyumba ya kaka yake anamenya karanga za mbegu, amekonda, shingo imekuwa ya mtu mwingine. Takondwa alijirusha kwake kabla sijamfungua vizuri. Nagama alimpokea. Hakunipokea mimi.

Nilipiga magoti nikasema. Karatasi, ukoo, herufi moja, kitenge. Aliendelea kumenya, mkono mmoja umemshika mtoto.

"Umemaliza?" akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Umekuja kuniambia mimi kwamba sikumwulia mtu mtoto. Hilo nililijua tangu siku ile. Sikuhitaji mashine."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Usiombe haraka. Umewaambia wao?"

"Nimewaambia bombani."

"Wangapi?"

"Foleni nzima. Kama kumi na tano."

"Waliovunja mitungi yangu walikuwa kumi na tano?" Akanitazama kwa mara ya kwanza, akaniita kwa jina langu. "Enifa, mlima ule una nyumba ngapi? Nilikuwa nasikia jina langu kwenye kila mlango nikiwa natambaa na ndoo. Kila mlango. Hivyo ndivyo lilivyokwenda."

Alimpa Takondwa karanga mbili, akazitoa tena, akazitafuna kwanza yeye kisha akampa. Nilipokuwa naondoka akasema bila kugeuka, "Mtoto mlete. Wewe utakuja ukishamaliza."

Ijumaa, 3 Machi

Nyumba kumi na moja. Tatu wamenifukuza.

Jumamosi, 4 Machi

Nyumba tisa. Mvua. Mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama togwa itarudi.

Jumatatu, 6 Machi

Nyumba kumi na sita na mwalimu wa shule, mwenye ule uzio. Amesema atafikiri. Nikamwambia nitakuja kesho kuuliza amefikiri nini.

Jumatano, 8 Machi

Nimemaliza upande wa kanisa. Nyumba moja niliiacha mwisho kwa sababu naiogopa, nayo ni ya Mama Fanizo.

Alikuwa anapepeta mahindi kibarazani. Hakunikaribisha, nikasema nimesimama. Nilisema yote, kama nilivyosema kwenye nyumba zote nyingine. Ungo haukusimama mpaka nilipofika pale alipomwona Nagama anakunja kitenge langoni. Hapo akauweka chini.

"Unajua," akasema polepole, "mimi Nagama namfahamu kabla yako. Tumebatizwa siku moja. Nisingemwamini mtu mwingine yeyote juu yake. Nilikuamini wewe kwa sababu ulikuwa unalia."

Nikasimama pale, makapi yameniingia machoni, nikayatoa kwa kidole.

"Leo silii, Mama Fanizo," nikasema.

"Naona."

Akanitazama sana. Kisha akainuka, akapangusa mikono kwenye nguo yake, akaingia ndani kumwita mumewe aje asikie.